Sheria Iliyowalinda Mabaharia wa Valdora

Nchi yenyewe siitaji jina, kwa kuwa ina sheria inayokataza kutajwa ovyo, na mimi ni mtu wa kufuata sheria. Itoshe kusema kuwa ilikuwa nchi yenye bahati. Ilitawaliwa na watu waliotoka mbali sana, wakaiacha baridi yao waliyoizoea na kuja kuungua jua, kwa sababu tu waliipenda nchi ile kuliko wenyeji walivyojua kuipenda. Wenyeji walipotaka kuuliza mapenzi hayo yangekwisha lini, waliambiwa kuwa swali lao limepokelewa.

Mwaka ninaousimulia, meli za kigeni zilianza kutia nanga katika bandari ya nchi ile na kubeba mizigo kwa nusu ya nauli ya Kampuni ya Kifalme. Serikali ikahuzunika. Haikuhuzunishwa na nauli, hasha! Ilihuzunishwa na hali ya mabaharia wa meli zile, maskini ya Mungu, wanaosafirishwa katika vyombo vilivyooza, vilivyoshindiliwa mizigo hadi maji yanakaribia sitaha. Mtukufu Gavana alipousoma mswada mbele ya baraza alilia, na karani akaandika katika kumbukumbu: "Hapa Mtukufu alilia." Ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Kuwalinda Mabaharia wa Meli Mbovu za Kigeni. Meli za Kampuni ya Kifalme hazikuguswa. Zilikuwa kuukuu kuliko za wageni, lakini hazikuwa za kigeni, na ubovu usio wa kigeni haukuwa na kifungu.

Kazi ya kuitekeleza sheria alipewa Mkuu wa Bandari, bwana mmoja mwembamba asiyeachana na mwavuli wake. Jina lake la kwao liliwashinda watu kulitamka, kwa hiyo mjini walimwita Bwana Kifungu, maana hata maji ya kunywa hakuyaomba bila ya kutaja kifungu kilichomruhusu kuona kiu. Na mtu wake wa mkono wa kulia alikuwa Koplo Vuai wa Polisi ya Bandari.

Vuai alikuwa mrefu, mkimya, na hajapata kumwambia mkubwa wake neno la uongo. Si kwa woga. Aliamini kwa dhati kuwa uongo ni kazi ya watu wasio na sare. Wakati mmoja, kabla hajaoa, alimkamata mjomba wake mwenyewe kwa kutema mate gatini. Akampeleka kituoni huku amemshika mkono asijikwae, na jioni ile akalala na njaa, kwa kuwa chakula kilipikwa na mke wa mjomba na hakuwa na uso wa kwenda kukila.

*

Meli ya kigeni Valdora iliingia asubuhi moja ya jua kali, ikatia nanga mbele ya gati, imezama kiasi kwamba watu waliokuwa gatini waliona bomba la moshi na vichwa vya watu tu. Bwana Kifungu alipanda, Vuai nyuma yake amebeba kisanduku cha lakiri ya kupigia muhuri. Bwana Kifungu aliteremka hadi tumboni mwa meli, akakitazama chuma cha ubavuni, akakigusa kwa ncha ya mwavuli. Ncha ikapita. Alipoichomoa, maji yakamfuata.

"Mbovu," akasema, kwa furaha ya mtu aliyekipata alichokuwa akikitafuta.

Akawakusanya mabaharia sitahani, akawasomea sheria tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na mahali Mtukufu alipolia. Mabaharia walikuwa watu wa visiwa vya mbali, na aliyewafasiria alikuwa mkubwa wao wa kazi, serahangi aitwaye Mlamali, mtu wa makamo, mkavu kama kamba, mwenye macho ya utani. Walipofahamu kuwa meli imezuiwa kwa ajili ya kuokoa maisha yao, baadhi yao walipiga magoti.

"Mungu akuweke, bwana," akasema Mlamali. "Tangu tutoke kwetu tunavuta maji, usiku na mchana. Tulimwambia nahodha, akasema tukichoka tuseme, tuzame kwa utaratibu."

Wakaenda kufunga vifurushi vyao, wakapanga mstari ngazini.

"Mnakwenda wapi?" akauliza Bwana Kifungu.

"Tunashuka, bwana. Si umesema chombo hiki ni hatari kwa maisha ya binadamu?"

"Nimesema, na ndiyo sababu hakitaondoka. Lakini ninyi ni wageni. Sheria ya Wageni Wasio na Shughuli haimruhusu mgeni kukanyaga nchi hii bila ya shughuli."

"Shughuli yetu ni kutokufa, bwana."

Bwana Kifungu hakuwa mtu wa kupuuza hoja. Alifungua kitabu chake, akatembeza kidole toka ukurasa hadi ukurasa, watu wote wanangoja. Kisha akakifunga.

"Haimo," akasema.

Nahodha, kwa kuwa alikuwa mtu wa daraja, aliruhusiwa kwenda hotelini kuandika malalamiko. Akapanda meli ya barua iliyofuata, na nasikia hadi leo analalamika huko kwao. Mabaharia walibaki. Na Koplo Vuai aliachwa pamoja nao, na bunduki na kigoda, akae juu ya ngazi ahakikishe kwamba hapana mtu anayeikimbia hifadhi ya Serikali.

*

Bomba la kuvuta maji lilikuwa la mkono, watu wawili huku na wawili huku. Mlio wake haukukatika: kwikwi, kwikwi, kama mtoto aliyelia hadi akasahau sababu. Vuai alikaa kigodani pake ameipa mgongo kazi ile, maana ilimkera kuona watu wakitoka jasho na yeye amekaa.

"Koplo," Mlamali alimwita, huku anavuta. "Hebu nifahamishe. Unatulinda sisi tusiende nchi kavu, au unailinda nchi kavu isije kwetu?"

"Nalinda amri."

"Basi iambie hiyo amri ije ishike mkono wa bomba. Wenzangu wamechoka."

Vuai akasogeza kigoda chake mbali kidogo. Lakini siku moja kijana mmoja dhaifu, waliyemwita Attoumani, alianguka palepale bombani, povu linamtoka mdomoni, na hapakuwa na mtu wa kushika mahali pake, kwa kuwa waliobaki walikuwa wamelala kama magunia. Mlio ukanyamaza. Vuai alingoja usikike tena. Haukusikika, na badala yake akasikia maji yakitembea chini ya miguu yake, polepole, kama mwenye nyumba anayezunguka vyumba vyake. Akasimama, akaiegemeza bunduki. Akaikunja mikono ya shati hadi tepe za ukoplo zikafichika ndani, ili atakayevuta maji asiwe koplo. Akashika.

Tangu siku hiyo alikuwa na zamu yake.

Chakula kikawa shida. Konsuli wa nchi yenye meli ile alikuwa mchuuzi wa vitunguu pale mjini, aliyekuwa konsuli kwa ajili ya heshima tu. Mwanzo alileta biskuti. Baadaye akapata jibu kutoka kwao: nchi yao haina meli mbovu, kwa hiyo meli hiyo, ikiwa ni mbovu, si yao. Biskuti zikakoma. Na chini ya miguu ya wale watu wenye njaa tumbo la meli lilikuwa limejaa mchele, magunia hadi darini, yamefungiwa kwa lakiri ya forodha.

Nao mchele ulikwisha kulowa. Wakati mwingine, mchana kumetulia, wote walisikia kitu kinakatika ubavuni: pa! Kimya. Kisha tena, pa!

"Ni misumari ya mabamba hiyo," alisema Mlamali, safari hii bila ya utani. "Mchele unaumuka, koplo. Mchele ukiumuka hauombi nafasi. Unaichukua."

*

Vuai alikwenda ofisini kwa Bwana Kifungu, akasimama wima.

"Bwana, mchele unaumuka. Naomba tuushushe."

"Kuushusha ni kuuingiza nchini. Meli iliyozuiwa haiingizi bidhaa."

"Basi tuumwage baharini."

"Kuchafua bandari ya Mfalme, koplo? Wewe?"

"Basi watu waule, bwana. Wana njaa."

"Mchele una lakiri. Unaijua adhabu ya kuvunja lakiri?"

"Naijua, bwana."

"Sasa kilichobaki ni nini?"

"Kilichobaki ni kuzama, bwana."

Bwana Kifungu akaegemea kiti, uso wake ukalainika, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefika mwenyewe penye jawabu. "Na hapo ndipo uzuri wa utaratibu wetu unapoonekana. Chombo kinachoelea kiko chini ya Idara ya Bahari, yaani chini yangu. Kikizama, kitalala juu ya ardhi, na ardhi yote, ikiwamo iliyo chini ya maji, ni ya Idara ya Ardhi. Nimekwisha kumwarifu mwenzangu wa Ardhi ajiandae. Amekasirika kidogo, lakini hana la kufanya."

"Na watu, bwana?"

"Watu gani?"

"Walio ndani."

Bwana Kifungu alifikiri. "Hao," akasema, "itategemea watakuwa wapi."

Vuai akapiga saluti, akatoka. Njiani alitia mikono mfukoni, na alikuwa mtu asiyefanya hivyo akiwa na sare.

*

Mkewe, Mize, alifanya kazi ya kupakia makaa ya mawe. Yeye na wanawake wenzake waliyabeba makaa kwa makapu kutoka ghalani hadi kwenye meli za Kampuni ya Kifalme, na yaliyotakiwa upande wa chini waliyateremsha kwa kamba. Siku moja alimwomba mwenye mashua ampeleke Valdora, akamletea mumewe muhogo na samaki wa kukaanga. Vuai alikipokea chakula, akakigawa hadi mkononi mwake kikabaki kipande cha mkia.

"Umekonda, mume wangu," alisema Mize.

"Nimo kazini."

"Kazi gani hii, ya kuwakalia watu juu ya ngazi mpaka wafe?"

"Wanalindwa, Mize. Ni sheria."

"Machano naye si alilindwa?"

Vuai akainamisha uso. Machano alikuwa mdogo wake Mize, tumbo moja, mtia makaa katika Heshima, meli ya Kampuni ya Kifalme. Heshima iliondoka siku ya bahari shwari, haikufika ilikokwenda. Baadaye mawimbi yalileta vipande vya mbao na boya lenye jina la meli. Lakini meli za Kampuni hazikuwa na ruhusa ya kuzama, maana ikizama moja, mtu angeweza kuuliza kwa nini haikukaguliwa. Kwa hiyo ubaoni, mbele ya ofisi ya bandari, paliandikwa: HESHIMA, IMECHELEWA. Miaka ikapita. Rangi ilipofifia, walimtuma mtu akaipaka upya. Wanawake wa makaa waliokuwa na waume, wana na ndugu ndani yake hawakuweza kukaa eda wala kuweka matanga. Kadhi mwenyewe aliogopa kumsalia mtu ambaye Serikali bado inamsubiri.

"Mimi kwa Machano nilinyamaza," Mize alisema, "kwa sababu sikuwapo. Wewe hapa upo. Unawaona, unawajua majina. Siku utakayorudi nyumbani ukaniambia kuwa hawa nao wamechelewa, Vuai, sitakaa nawe tena."

Hakupaza sauti. Akakusanya vyombo vyake, akashuka mashuani, mikono yake myeusi kwa makaa hadi viwikoni.

*

Sheria ikatimiza mwaka. Mtukufu Gavana akaona inastahili sherehe, tena ifanyike gatini, mbele ya Valdora yenyewe, ili watu waone matunda. Vikapangwa viti, likatandazwa turubai la kivuli, bendi ikaletwa. Mabibi walikuja na kofia zenye manyoya ya ndege wa nchi ile ile.

"Mabibi na mabwana!" alisema Mtukufu. "Tangu sheria hii ipite, hakuna hata meli moja mbovu ya kigeni iliyotoka katika bandari yetu ikazama baharini!" Watu wakapiga makofi. "Nchi nyingine huwaacha mabaharia wakafie mbali, mahali pasipo na wa kuwaona. Sisi tumewaweka hapa, karibu nasi, machoni petu. Watazameni! Tazameni wanavyotupungia mikono kwa shukrani!"

Ni kweli walikuwa wanapunga. Walikuwa wanapunga kwa mikono miwili, na wengine kwa mashati yao, kwa sababu dakika ile ile ubavu wa Valdora ulikuwa umepasuka toka juu hadi chini, na mchele unamwagika baharini, mweupe, mwingi, unatanda kuizunguka meli kama shuka. Bendi haikuwa imepewa amri ya kunyamaza, kwa hiyo iliendelea.

Vuai alikuwa sitahani. Meli ililala upande, kigoda chake kikaserereka kikatumbukia. Akatazama gatini. Alimwona Bwana Kifungu amesimama, ameuinua mwavuli wake juu, na ishara ile Vuai aliijua: ngoja. Akawatazama watu aliovuta nao maji. Hawakuwa na mashua. Mashua yao ilichukuliwa zamani, ikawekwa ofisini kuwa ushahidi wa ubovu. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Hata katika saa ile walikuwa wanangoja ruhusa yake.

Akaitupa bunduki baharini.

"Rukeni!" akapiga kelele, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Nawaamuru, rukeni!"

Wakaruka. Yeye akambeba Attoumani mgongoni, akamfunga kwa mkanda wa sare, akaruka mwisho.

Walioweza kuogelea walifika kwenye ngazi za gati. Juu ya ngazi walisimama askari, bunduki zimepishanishwa, na nyuma yao Bwana Kifungu, kitabu kimefunguliwa. "Hapana ruhusa ya kukanyaga!" alisoma. "Narudia, hapana ruhusa ya kukanyaga!" Mabaharia wakazikumbatia nguzo za gati, na chaza walioota juu yake wakawakata vifua na viganja. Wimbi likija waliinuka nalo, likirudi waliburutwa. Mmoja baada ya mwingine, waliochoka walianza kuachia. Mabibi wakaelekeza nyuso upande wa bustani.

Ndipo kwenye pembe ya gati, penye lundo la makaa, mahali ambapo hapakuwekwa askari kwa kuwa hapakuwa na mgeni wa heshima ambaye angependa kupatazama, Mize alipolitupa kapu lake majini, kamba yake mkononi.

"Teremsheni!" aliwaambia wenzake. "Mnangoja nini? Teremsheni!"

Makapu yakashuka. Wanawake wakajifunga vibwebwe, wakavuta. Waliwavuta watu kama walivyozoea kuvuta uzito, kwa pumzi moja, na watu wakatoka majini weusi kwa vumbi la makaa. Mize alimvuta mumewe mwenyewe. Vuai alipolala juu ya mawe, mzigo wake ukiwa bado mgongoni, alisema kwa kutweta, "Attoumani, tumefika. Amka, tumefika."

Mize alimgusa kijana yule shingoni. Akaufungua mkanda taratibu.

"Mshushe, mume wangu," akasema. "Huyu amekwisha."

Wengine waliokufa waliletwa na maji yalipojaa, alasiri ile. Sheria ya Wageni Wasio na Shughuli haikutaja maiti, kwa hiyo walipokewa nchini bila ya kizuizi chochote, wakazikwa kwa gharama ya Serikali, na Serikali haikudai hata shukrani.

*

Ripoti ilitoka baada ya muda mfupi. Ilieleza kwa fahari kuwa hapana mtu aliyepoteza maisha baharini, kwa sababu bandari si bahari. Mabaharia waliookoka walishtakiwa kwa kuingia nchini bila ya shughuli. Koplo Vuai alishtakiwa kwa kupoteza bunduki moja na meli moja, mali alizokabidhiwa. Mahakamani walimvua tepe mbele ya watu, na aliyemvua alikuwa rafiki yake. Wote walipewa kifungo cha muda sawa, na mabaharia wakaongezewa kuwa wakitoka watarudishwa kwao.

Jaji akamwuliza Mlamali kama ana la kusema.

"Nauliza tu, bwana jaji. Hiyo jela iko wapi?"

"Nyuma ya soko."

"Nchi kavu?"

"Ndiyo, nchi kavu."

"Basi nashukuru sana," alisema Mlamali, na hakuwa anafanya utani. Katika nchi ile jela ilikuwa mahali pekee ambapo mgeni asiye na shughuli aliruhusiwa kuweka mguu.

Walipasua mawe pamoja. Vuai alikuwa mzito wa maneno siku zote, lakini mle ndani aliwaeleza habari za Machano na Heshima, na za wanawake wanaongoja. Mlamali alisikiliza bila ya kusimamisha nyundo yake. "Basi kumbe ninyi wenyeji," alisema mwishoni, "nanyi hamjashuka."

*

Siku ya kutoka, Bwana Kifungu alikuwa nje ya mlango wa jela pamoja na askari, na karani wa Kampuni ya Kifalme mwenye hati za safari. Mabaharia wangepelekwa moja kwa moja katika meli Fahari, pacha wa Heshima. Bwana Kifungu alikuja kuwaonya kuwa safari ingechelewa kidogo, kwani wanawake wa makaa hawakutokea kazini asubuhi ile, na hapana aliyejua waliko.

Walikuwa pale. Walikuwa wamekaa upande wa pili wa njia, kundi zima, wamejitanda kanga. Mlango ulipofunguliwa, Vuai alitoka wa kwanza, akamwona mkewe anamjia mbio, akafungua mikono. Mize akampita. Akamwangukia Mlamali shingoni.

"Machano!" alilia. "Machano, mdogo wangu! Mbona umechelewa hivi?"

Mlamali akaduwaa, mikono inaning'inia.

"Wewe mwanamke," alisema Bwana Kifungu, "huyu ni mgeni, baharia wa Valdora."

"Huyu ni Machano, bwana, mtia makaa wa Heshima. Mmetuambia miaka yote hii kuwa amechelewa. Basi amefika."

"Haiwezekani!"

"Kwa nini haiwezekani, bwana?" Mize akageuka, akamtazama usoni. "Heshima imezama?"

Akasikika kuku anaparura. Bwana Kifungu alifungua mdomo, na karani wa Kampuni akamkanyaga mguu. Akaufunga. Akatafuta pa kushika, macho yake yakamwangukia Vuai.

"Vuai," akasema. "Wewe hujapata kunidanganya. Nilikufunga, lakini najua hujapata. Sema kweli, unamjua mtu huyu?"

Vuai bila ya kukusudia alikuwa amesimama wima, kama zamani. Alimtazama Mlamali, viganja vyake vyenye makovu ya chaza. Akamtazama Mize, aliyekuwa haombi wala haogopi, anamngoja tu.

"Namjua, bwana," akasema. "Ni shemeji yangu."

Ikawa kama mtu amefungua bwawa. Wanawake wakavuka njia. "Yule wangu!" "Huyu ni mwanangu!" Mke mmoja kijana alimshika mkono baharia mwenye mvi kichwa kizima. Bwana Kifungu alipomkodolea macho, yule mke akasema, "Amezeekea safarini, bwana," na bwana yule akaandika kitabuni. Mbele ya kila jina la Heshima lililodaiwa akaandika: amefika, amefika. Na mabaharia, ambao sasa walikwisha kuelewa, waliyaitikia majina ya watu waliokufa, mmoja mmoja, kwa sauti ndogo.

Lakini wanawake walikuwa wengi kuliko mabaharia. Mwisho ulipofika, alibaki Bi Kazija, mtu mzima, aliyekuwa na vijana wake wawili katika meli ile, na nyuma yake wengine. Bi Kazija alichungulia ndani ya mlango wa jela, akaona ua mtupu.

"Na wangu, bwana?" akauliza.

Bwana Kifungu alikuwa amepata tena nguvu zake. Alikipitisha kidole katika kitabu, akapiga kikohozi.

"Wako bado wamechelewa, mama," akasema kwa upole. "Vuta subira."

Bi Kazija akaitikia kwa kichwa. Akafunga kanga yake vizuri, akashika njia ya bandarini, kwa kuwa Fahari ilikuwa inahitaji makaa.

*

Nyumbani, Mlamali alisimama kizingitini, hajui atangulize mguu upi. Mize alimwambia aingie, akampa maji ya kunawa, akampakulia. Alipomaliza kula, Mize alilitazama shati lake la jela, lililochanika mgongo mzima. Akaingia chumbani, akafungua sanduku, akatoka na shati jeupe la Machano, alilokuwa akilifua na kulikunja kila Idi.

"Dada," alisema Mlamali, "hii ni nguo ya mtu. Mwenyewe—"

"Vaa."

Nguo za mtu aliye safarini hazigawiwi. Mlamali alilijua hilo, na Vuai alilijua. Mikono ya shati iliishia mbali na vifundo vya mkono. Mize mwenyewe alimfunga vifungo hadi cha shingoni, akarudi nyuma hatua moja kumtazama. Kisha akakaa chini mkekani, akaanza kumlilia ndugu yake, kwa sauti kubwa, kama ambavyo hakuwahi kumlilia tangu apotee.

Nje majirani walikuwa wanakuja. Walikwisha kusikia kuwa Machano amerudi, kwa hiyo walikuja kwa vigelegele, na sinia la halua mbele. "Yuko wapi?" walimwuliza Vuai mlangoni. "Tuonyeshe, tumwone!"

Vuai akasogea, akawapisha.

Wakaingia. Wakamwona mtu wasiyemjua ndani ya shati wanalolijua, na Mize chini. Vigelegele vikakatika, kimoja kimoja. Walitazamana. Kisha mama mmoja, mkubwa wao, akaweka sinia chini, akampa mgeni mkono.

"Karibu nyumbani, Machano," akamwambia.

Akavua viatu, akakaa mkekani karibu na Mize, akajitanda kanga hadi kichwani. Na wengine, bila ya kuambiwa, wakakaa wote, kama watu wanavyokaa msibani.